Plasta ilikauka kabla hadithi haijaisha

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi anazamisha kiwiko kwenye ndoo ya maji kama mama anayepima maji ya kumwogeshea kichanga. Anakitoa, anafikiri kidogo, kisha anaongeza kopo moja kutoka bombani. Leo anayataka baridi.

"Maji ya moto yaliniponza," anasema, kisha anautazama mlango.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya hospitali, kimebanwa kati ya stoo ya mashuka na jenereta. Ukutani imening'inia miguu: mirefu, mifupi, mingine imeshavishwa viatu kabisa. Mgeni hushtuka akiingia, lakini baada ya robo saa anaizoea kama makoti. Mmoja ni mdogo, una soksi ya njano, na umekaa kwenye msumari wake miezi sita.

Mwenye mguu huo ni msichana wa miaka tisa, aliyezaliwa bila mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Leo ana miadi ya saa tatu.

"Akija, nitamshukuru Mungu," anasema fundi. "Asipokuja, basi mdomo wangu ndio uliomkosesha mtoto kutembea. Hilo nitalala nalo vipi?"

Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia kutengeneza miguu bandia. Zamani walikuwa mafundi watatu. Mmoja amestaafu, mwingine amehama, amebaki yeye na foleni ya watu wanaosubiri hadi miezi mitano. Wagonjwa wanamwita Fundi Plasta.

Jina limetokana na hatua ya kwanza ya kazi. Fundi huchovya bandeji zenye plasta, huzizungusha kwenye kigutu, kisha mgonjwa hutulia tuli mpaka zikauke ili zitoe umbo. Ni kama dakika kumi na mbili. Akijitikisa, umbo linakwenda kombo, na mguu utakaotokana nalo utamchubua.

"Mguu mbaya haurudi hapa kulalamika," anasema. "Unakwenda kulala uvunguni, na mwenyewe anarudia magongo yake."

Mwanzoni alikuwa anawatuliza watu kwa redio. Siku redio ilipokufa, kwenye kiti alikaa mwashi, pandikizi la mtu, aliyepoteza mguu kwa kuangukiwa na ukuta. Mwashi akaanza kutetemeka. Fundi akaropoka swali la kwanza lililomjia kichwani: kwenu wanasema watu walitoka wapi?

"Sijui nililitoa wapi. Labda kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa tope," anasema na kucheka. "Yule bwana akaniambia, 'Kwetu wanasema tulifinyangwa.' Akaanza kusimulia, na kutetemeka kukaisha."

Tangu siku hiyo kila anayekaa kwenye kiti kile huulizwa swali hilohilo, na majibu huandikwa. Yamejaa madaftari manne yenye safu tatu: nani kasimulia, hadithi yenyewe, na ya mwisho fundi ameipa kichwa "Inaeleza nini". Hadi jana alikuwa na hadithi mia mbili na kumi na nne. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, husema wenzake wameolewa na watu, yeye ameolewa na madaftari.

Baharia mmoja alimweleza kwamba mwanzo kulikuwa na maji matupu, mpaka ndege akazama hadi chini kabisa na kurudi na tope mdomoni, likawa nchi kavu. Mkulima alisema watu walichomoza ndani ya matete, kila kabila na tete lake. Bibi mmoja alisema mbingu zamani ilikuwa hapa hapa juu ya vichwa, unaigusa kwa mkono, mpaka mwanamke aliyekuwa akitwanga akaigonga kwa mchi mara nyingi mno, nayo ikachoka ikajiendea zake juu.

Dereva wa lori alisimulia ya kinyonga aliyetumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akajikongoja njiani, na mjusi mwenye habari nyingine akafika kwanza.

"Huyo dereva alikaa saa sita kando ya barabara akisubiri gari la wagonjwa," anasema fundi taratibu. "Kati ya hadithi zote anazozijua, akachagua ya mjumbe aliyechelewa."

Hapo ndipo alipoanza kuelewa safu yake ya tatu. Zamani alidhani watu wanamweleza dunia ilianzaje. "Wapi. Hakuna anayeumwa na habari za dunia ilivyoanza. Mtu anataka kujua kwa nini mambo yako hivi yalivyo. Kwa nini tunakufa. Kwa nini ya juu hayafikiki. Kwa nini mimi."

Hadithi ya sitini na moja aliipata kwa mshonaji wa nguo aliyekuwa akipita njia. Inasema Muumba alifinyanga watu tangu asubuhi. Mchana jua likamchoma, akapata kiu, akanywa pombe, mikono ikalegea. Aliowafinyanga jioni walitoka na kasoro: huyu haoni, huyu hana mguu. Alipolevuka na kuona alichokifanya, alilia. Akaapa kutogusa tena pombe, na akasema wale wa jioni ni wake mwenyewe, anayewagusa atajibizana naye.

Fundi anaipenda mno hadithi hiyo kwa ajili ya mwisho wake. Miezi saba iliyopita aliianza mbele ya yule msichana. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na kwa kumhurumia mtoto alitia maji ya moto kwenye ndoo. Plasta huwahi kukauka kwenye maji ya moto. Ilishika Muumba akiwa bado amelewa.

"Mimi nikaigonga kwa kidole, ikalia ko, ko, nikakata hadithi pale pale, nikashika mkasi. Ndiyo mazoea yangu. Plasta ikikauka, hadithi imekwisha, nyingine siku nyingine."

Nyumbani, wakati wa chakula, msichana alimuuliza mama yake: "Mama, mimi niliumbwa jioni?"

Siku ya kuujaribu mguu hakuletwa. Fundi alipiga simu, na mara ya nne mama mtu akapokea. "Nikamwambia hadithi ina nusu ya pili. Akanijibu, 'Ungeanza na hiyo nusu.' Akakata. Na alisema kweli."

Mkewe naye hakumtetea. "Aliniambia, 'Bwana wewe, kazi yako ni kuumba. Safari hii umemuumbua mtoto wa watu.'" Fundi anafuta mikono kwenye aproni ingawa haijalowa. Neno hilo, anasema, lilimchoma kuliko ukali wa yule mama.

Wiki mbili zilizopita muuguzi wa wodi ya watoto alifanikiwa kumbembeleza mama. Sharti lake lilikuwa fupi: atamleta, ila fundi asimpigie mtoto hadithi. Apime, afunge, anyamaze.

Saa tatu inapita. Saa tatu na robo, magongo yanasikika kwenye ukumbi wa nje, na fundi anasimama kabla hayajafika.

Msichana amekua. Ule mguu wenye soksi ya njano umeshakuwa mfupi kwake, lazima kuanza upya. Mama yake anasalimia kwa heshima, anakaa karibu na mlango na mkoba wake mapajani, kama mtu asiyekusudia kukaa sana. Fundi anapiga goti. Anachovya bandeji, anazungusha, analainisha kwa kiganja. Chumbani kunasikika maji yanayodondoka tu.

"Babu, leo huna hadithi?" anauliza msichana.

Fundi anamtazama mama. "Leo sina, mjukuu wangu."

"Mimi ninayo."

Mama anainua kichwa, anamtazama.

"Zamani watu wote walikuwa na mguu mmoja," anaanza msichana, akiwa ametulia tuli kama alivyofundishwa. "Walikuwa wanaruka tu. Wakienda sokoni wanaruka, wakienda shule wanaruka. Sasa wengine walikuwa hawawezi vizuri. Wanaanguka anguka. Wakaenda kulalamika kwa Mungu, wanalia kila siku. Mungu akachoka na kelele. Akawaongezea mguu wa pili."

Plasta inalia ko, ko. Mkasi uko pembeni, lakini mkono wa fundi hauufuati.

"Endelea," anasema. "Na wewe?"

"Mimi sikulalamika."

Mama anageuzia uso dirishani. Mabega yanamtikisika, na inachukua muda kujua kwamba anacheka, ingawa anapangusa macho.

"Sasa mbona unataka wa pili?" anauliza fundi.

"Shule iko mbali."

Ndipo anapokata plasta. Umbo limetoka safi, halina hata mkunjo. Mguu utakuwa tayari baada ya wiki tatu, na mama anaiandika tarehe mwenyewe nyuma ya kadi ya kliniki. Fundi amebakiza miaka miwili kustaafu. Anasema anataka kuwatafuta wote aliowakatia hadithi katikati, awamalizie, hata kwa simu. Kuanzia leo hakuna mkasi kabla ya mwisho.

Analeta daftari la nne, anapiga magoti tena, anaandika namba mia mbili na kumi na tano na jina la msimuliaji. Kwenye safu ya tatu kalamu inasita.

"Hapa naandika hadithi inaeleza nini," anamwambia msichana. "Niandike nini?"

Msichana anainamia daftari, anasoma yaliyoandikwa kwenye mistari ya juu, kisha anaitazama miguu ya fundi aliyepiga magoti sakafuni.

"Andika: kwa nini babu ana miwili."