Siku Wifi Yangu Alipofunga Mdomo

Watu husema wifi hapendwi. Mimi wangu nampenda, ila mdomo wake ulikuwa mtihani. Ni fundi viatu, na anaweza kupiga soli, kumsema mume wangu, ambaye ni kaka yake, na kupokea simu ya mteja, vyote kwa wakati mmoja. Tangu utotoni anatumia kiti cha magurudumu. Mteja mgeni akishangaa kuona mtu asiyetembea akitengeneza viatu, humwonyesha vile alivyovaa. "Hivi vina mwaka wa saba, soli haijalika. Unataka dhamana gani nyingine?"

Karakana yake iko sokoni, ghorofa ya chini, chumba chenye mlango mpana na benchi alilolikata miguu mwenyewe ili limfikie. Mimi hushona bitana pembeni kwa cherehani, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona. Hapo anafundisha vijana wanane wenye ulemavu, wanaomwita Dada Fundi. Mmoja haoni, naye huijua ngozi mbovu kwa kuipapasa kabla sisi wenye macho hatujaiona. Wawili ni viziwi, na wawili wana viti kama chake. Wifi hakutaka wajue viatu tu. Kila mwezi kijana mwingine aliongoza kikao cha kikundi, na aliyeshindwa kutuliza fujo aliongoza tena mwezi uliofuata mpaka aweze.

Mwaka huu yeye mwenyewe aliachia uenyekiti, na vijana wakamchagua binti wanayemwita Mheshimiwa. Binti huyu ana ulemavu unaokaza misuli. Mkono wake wa kushoto humtii ukipenda wenyewe, na maneno yake hutoka moja moja, kwa kupigania nafasi. Jina walimpa kwa utani, wakidai hata wabunge hawachukui muda ule kutoa salamu. Lakini akishamaliza kusema, huwa hakuna la kuongeza.

Wifi alimpenda kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Mheshimiwa akianza sentensi, wifi anaimalizia. Mteja akiuliza, "Anasemaje?" wifi anajibu, tena kwa nyongeza. Na huyu ndiye mwanamke aliyemrudishia muuza duka mkate wake mbele ya foleni nzima, kwa sababu muuzaji huyo aliniuliza mimi, "Huyu anataka nini?" Wifi alimwambia, "Niulize mwenyewe. Miguu ndiyo haitembei, mdomo unatembea." Hadithi hiyo vijana wote waliijua kwa moyo. Nyani haoni kundule.

Basi msimamizi wa soko akatangaza kwamba mafundi wote watahamia ghorofani, chini pabaki maduka. Kufika huko ni ngazi ishirini na nne, nilizihesabu. Kwa wifi na vijana wale wawili wa viti, hiyo maana yake ni kurudi nyumbani kukaa. Msimamizi alikubali kuwasikiliza Ijumaa ofisini kwake, na ofisi yenyewe iko huko huko juu. Mheshimiwa akamwandikia barua ya mstari mmoja kumwomba ashuke yeye, na akakubali.

Alhamisi wakafanya mazoezi ya kikao hicho.

"Sisi... tunaomba..." alianza Mheshimiwa.

"Kubaki chini," wifi akamalizia.

Ilipofika mara ya tatu, Mheshimiwa aliweka karatasi yake benchini. "Dada Fundi. Wewe... ni kama... yule... wa mkate."

Wifi akafunga kazi mapema, akanuna, akanisema mimi njia nzima kwa makosa ya mwaka juzi. Karibu na nyumbani akasimamisha kiti.

"Wifi, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wewe ulijua siku zote hukuniambia?"

"Ningepata wapi nafasi ya kusema?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. "Nimemfanyia mtoto wa watu kile kile nilichokichukia," alisema. Nilimshika bega.

Ijumaa msimamizi alishuka na faili lake, akapewa kigoda. Kabla hajakaa vizuri, wifi alichota misumari midogo kwenye kopo, akaipanga midomoni. Mafundi viatu wote hufanya hivyo wakipiga soli, mitatu au minne. Yeye alijaza ya jozi kumi, na mbele yake hapakuwa na kiatu.

Mheshimiwa alianza. Neno la kwanza, la pili. Msimamizi akamgeukia wifi. "Anasemaje?"

Wifi alionyesha mdomo wake, akainua mabega, kisha akamwonyesha Mheshimiwa kwa kidole. Jasho lilikuwa likimtiririka. Kukaa kimya kulimuuma kuliko sindano ya ngozi, nilimwona.

Msimamizi hakuwa na ujanja. Akasogeza kigoda, akafunga faili, akasikiliza. Ilichukua muda, na kila neno lilifika. Aliposikia habari za ngazi, aliinuka. "Sawa, nimeelewa. Karakana ibaki chini."

Vijana walianza kushangilia, wale viziwi wakipunga mikono juu.

"Sija... maliza," alisema Mheshimiwa.

Mtu mzima yule akakaa tena.

"Mlipanga... bila... kutuuliza. Mkipanga... tena... mimi... niwepo... mezani."

Hilo halikuwamo katika mazoezi. Nilimtazama wifi, macho yalikuwa yamemtoka. Msimamizi alikuna kidevu, akasema kamati ya soko inakutana Jumanne saa nne, aje.

"Wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

Msimamizi akawaza zile ngazi, akatabasamu. "Chini."

Alipoondoka tu, wifi alitema misumari kiganjani. Furaha ilikuwa imemjaa kifuani bila pa kutokea. "Sasa nisikilizeni. Jumanne sisi tutakwenda na..."

"Dada Fundi," alisema Mheshimiwa. "Kikao... hakijafungwa."

Wifi alifunga mdomo, safari hii bila misumari, akainua mkono. Mheshimiwa alimwona. Kisha akampa nafasi kwanza kijana kiziwi aliyeinua mkono kabla yake, na wifi yangu akangoja zamu yake.