Mabua ya Ngano na Toleo la Tatu

Katika ofisi ya shamba la ngano la serikali, kule Hanang, tulikuwapo wanne: karani wa kompyuta aliyekuwa mwenyeji wa Nangwa, mtaalamu kutoka mjini, mzee mfugaji wa Gendabi, na mimi, niliyefuata mbegu.

Mzee alitaka kibali cha kulisha ng'ombe mabua baada ya mavuno, maana malisho mengine yalikuwa yamekwisha. Vibali vilichapwa na programu ambayo karani aliitunga kwa toleo la kwanza la lugha ya kompyuta, lililotaka kila mstari wa maagizo uwe na namba. Toleo la pili lilizivumilia namba hizo. Asubuhi ile mtaalamu alikuwa ameweka la tatu, lisilozitaka kabisa, na programu ikagoma.

"Lugha imeboreshwa," alisema mtaalamu, akifuta miwani. "Andika upya. Wiki tatu tu."

Mzee alinyoosha fimbo dirishani. "Mwanangu, shamba si lile? Limevunwa. Hata wewe unaliona."

"Naliona, mzee," karani alijibu. "Lakini kompyuta bado."

Hayo ndiyo maendeleo. Zamani karani angechungulia nje, akaandika kibali kwa kalamu.

Karani alimaliza kazi siku ile ile trekta zilipomaliza kulima na kuyafukia mabua yote. Kibali kilitoka safi, bila kosa. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Sasa ng'ombe waliobaki wale karatasi?"

Mtaalamu alimwambia toleo la nne litakuwa la haraka zaidi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mzee yule alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Gendabi.