Nilivyosimamishwa Mbele ya Darasa

Jana binti yangu alirudi kutoka shule analia. Mwalimu alimsimamisha mbele, wenzake wakaambiwa waeleze sura na tabia yake kwa Kiingereza. Mwalimu ni yule yule aliyenifundisha mimi hapa Mafinga.

Mchana niliosimamishwa mimi, nikiwa mwanafunzi wake, sweta langu lilikuwa linanuka moshi na maranda ya mbao. "Mtazameni huyu," alisema. "Semeni: she is dirty, she is lazy!" Darasa zima likaitikia, likacheka. Mimi Kiingereza sikukijua bado, nilidhani nimechaguliwa kwa kupendeza. Nikapiga goti: "Thank you, teacher."

Kumbe nilishukuru kuitwa mchafu na mvivu.

Kesho naenda shuleni. Shikamoo nitampa. Halafu atasimama mbele, nieleze sura na tabia yake kwa Kiingereza alichonifundisha mwenyewe, watoto waitikie.