Maji ya Waridi Juu ya Mawe

Kila Jumapili ya msimu mmoja wa mijakaranda, mama yangu alinyunyizia maji ya waridi kaburi lisilokuwa na mtu. Harufu ile, iliyochanganyika na ya maji yaliyolala ya bwawa la samaki, hunijia hadi leo, na hainijii kwa raha.

Tulikuwa tukiishi Troyeville, mashariki ya katikati ya Johannesburg: baba, mama, mimi na mjomba Salehe, mdogo wake mama, aliyetoka Tanga na kupata kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja Midrand. Asubuhi moja alikunywa chai, akanitania kwamba Kiswahili changu kinachechemea, akapanda teksi pale kwenye robot, taa za barabarani, asirudi. Baba alizunguka vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti. Hakupatikana mzima, haikupatikana maiti. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini la mjomba lilikuwepo: mkewe, Mwanaidi, alikuwa akipiga simu kutoka Tanga kuuliza akae eda au aendelee kungoja. Baba alitaka tusome khitma, mwanamke wa watu apate kujua moja. Mama alikataa katakata. "Mwili sijauona. Unataka kumzika ndugu yangu kwa mdomo?"

Ili mama apunge upepo, baba alitupeleka kwenye bustani ya umma. Ndani yake, nyuma ya ua wa mianzi, palikuwa na bustani ya Kijapani: kidaraja chekundu, bwawa, taa ya mawe, na kiwanja cha changarawe nyeupe zilizochanwa kwa reki kama nywele, katikati yake jiwe refu limesimama peke yake. Kwa watu wa kwetu, changarawe nyeupe na jiwe la kusimama vina maana moja tu. Mama alivua viatu, akawatolea salamu waliolala. Mtunza bustani, Mrundi aliyesikia lugha yetu, aliegemea reki yake akacheka.

"Eish, mama! Hapa hakuna mutu. Ni mawe ya urembo tu."

Baba naye akacheka. Mama hakucheka. Alilinyooshea jiwe kidole.

"Kwa hiyo halina mwenyewe?"

"Halina."

"Basi vizuri," alisema, akavaa viatu.

Jumapili iliyofuata alinichukua mimi tu. Alikuja na chupa ya maji ya waridi na kitawi cha mrehani aliouotesha kwenye kopo roshani kwetu. Alisoma Yasini kwa sauti ya chini, akanyunyiza, akaweka mrehani penye kichwa. Maua ya zambarau yalituangukia, naye hakuyapangusa. Jioni ile Mwanaidi alipopiga, mama alishika simu kwa mkono uleule unaonukia waridi, akasema, "Yu hai, wifi yangu. Subira huvuta heri. Ngoja." Ikawa hivyo msimu mzima: mjomba aliyekufa bustanini alikuwa hai kwenye simu. Na kila tuliporudi tulikuta changarawe zimechanwa upya, mrehani haupo, kana kwamba hatukuwahi kufika.

Sasa mama naye ana kaburi, lenye jina lake, na ndani yake yumo. Majuzi nilimpeleka binti yangu kuiona ile bustani. Bwawa limekauka, daraja limebaki nguzo, changarawe zimechukuliwa karibu zote. Jiwe bado limesimama kwenye udongo mtupu. Binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza tumekuja kuona nini.

Mwanaidi, mkaza mjomba, amezeekea Tanga. Shehe aliyemwendea alimwambia kwamba ndoa inaweza kuvunjwa, awe huru. Alikataa: hataki kuachwa, anataka kufiwa, akae eda yake kama wanawake wengine. Ijumaa iliyopita alipiga tena, na kwa kuwa mama hayupo, aliniuliza mimi kama tumesikia lolote.

Nilimwambia bado.