Mwaka wa kolera, na puwari ya mama mukwe

Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, kolera iliingia hata mutaani kwetu, Mapendo. Mutoto wangu wa mwisho, musichana aliyekuwa bado ananyonya, aliamka akihara maji meupe kama ya kuoshea muchele. Kufika saa sita macho yalikuwa yameingia ndani, na alilia bila machozi.

Baba yake alikuwa Bunagana kwa biashara. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mukwe aliyetoka Butembo kututembelea, na mama mumoja mukimbizi tuliyemupa baraza alale. Alitoka kambi ya upande wa Lac Vert, peke yake. Hatukumuuliza mengi.

Mama mukwe alichemusha majani, akatoa puwari yake, kale kapira kekundu ka kuingizia dawa kwa nyuma. Sisi wote tulikomaa nayo. Homa, puwari. Minyoo, puwari. Mutoto akinuna tu bure, puwari.

“Mulaze kwa magoti,” akaniambia. “Tumbo iko na buchafu. Itoke yote.”

Nilimulaza. Mama ya bwana wako akisema, wewe utabishana naye namna gani?

Yule mukimbizi akasimama mulangoni. “Mama, musimutie ile. Maji yamemwisha mwilini.”

“Weye umefika juzi, na unakuja kunifundisha tumbo? Baba ya huyu mutoto alikomaa na hii hii puwari!”

“Ndiyo, mama. Na mimi nilikuwa na yangu. Kule kambini nilimutia mutoto wangu mukubwa, akafa. Nikafikiri sikumutia vizuri. Nikamutia mudogo.”

Mama mukwe alikuwa ameinua mukono, maji ya majani yakidondoka kwa sakafu ya sima. Halafu akaweka puwari chini.

“Sasa tufanye nini, mwanangu?”

Yule mama alituonyesha vile yeye alionyeshwa kwenye mahema ya wagonjwa, wakati watoto wake walikuwa wamekwisha kuzikwa: maji yaliyochemushwa, sukari, chumvi kidogo. Alionja kwanza, asije akatia chumvi ya kupita ile ya machozi. Tukamupa mutoto kijiko kwa kijiko. Akitapika, tunangoja kidogo, tunaanza tena. Mama mukwe ndiye alimubeba, hakutaka kumuachia mutu.

Jua lilikuwa linashuka aliposikia joto kwa mapaja. “Amekojoa!” akapiga kelele. “Jamani, amenikojolea!” Akashika kile kitenge kilicholowa, akacheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kulia.

Jioni tulisali rozari. Mama mukwe alikuwa na desturi ya kutaja wafu wake wote mwishoni, mumoja mumoja. Siku ile alipowamaliza, akamugeukia yule mama, akamuuliza majina ya watoto wake. Yule mama akayataja. Mama mukwe akayarudilia polepole, asikosee, kwa sababu yalikuwa majina ya lugha nyingine, na sisi tukaitikia.