Lori Nililorudisha Kutoka Kalimoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipowafanya watu wa Kalimoni warudishe lori zima la majiko na miche, na nikashangiliwa kwa ujinga huo. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kwenda Thika mjini kwangu ni safari ya kuaga majirani. Lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na basi nikadhani hakuna kilichobaki kunifundisha.

Chifu aliita mkutano. Bwana misitu akaeleza kwamba miti inakwisha na mvua inapotea nayo, kwa hivyo kila boma lichukue miche ya kupanda, pamoja na jiko la udongo linalokula kuni kidogo, lenye bomba la kutoa moshi nje. Bure.

Nikasimama. "Bwana misitu, sisi si watoto. Tukichukua haya majiko, huko juu wataandika kwamba watu wa Kalimoni wametosheka na kuni. Stima, huo umeme, tutaionea Ruiru tu! Sisi tungoje stima."

Wanaume wakapiga makofi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Huyu ndiye tutapeleka bunge!" Kichwa kikanivimba.

Upande wa akina mama, mke wangu, Mama Njeri, alikuwa ameinua mkono. Nilimwona vizuri. Alikuwa akikohoa tangu mvua ianze, na asubuhi hiyo alikuwa amesafisha pembe ya jikoni atakapoweka jiko lake.

"Mama Njeri, shusha mkono," nikamwambia mbele za watu. "Mambo ya serikali nitakueleza nyumbani."

Watu wakacheka. Akashusha. Na nyumbani, kusema kweli, sikumweleza chochote.

Lori likaenda Mwiki na mzigo wake wote. Stima haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Mama Njeri akaendelea kuinamia mafiga, kifua kikimkaba, hadi daktari wa Thika akaniambia wazi: huyu mama asikae tena kwenye moshi. Binti yetu Njeri alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Githurai 45, anapikia gesi. Akaja kumchukua mamake na begi moja. Ningemwambia abaki, abaki na jiko gani? Mama Njeri hakurudi kuishi hapa tena. Alizeekea huko, akafia huko, na mimi nikabaki kulinda nyumba.

Sasa ni zamu yenu kubishana juu ya makaa, gesi, nguvu za jua na hali ya hewa. Bishaneni. Serikali idaiwe stima. Hapo sijabadilisha nia. Lakini kabla ya kusimama mkutanoni, mwanangu, ingia jikoni ukae mpaka macho yawashe, kisha umuulize anayepika anahitaji nini leo, si mwaka ujao. Akiinua mkono, wewe keti. Mungu akupe nyumba yenye hewa safi, na ndani yake mtu asiyeogopa kukupinga.

Jioni ile Mama Njeri alipoondoka, nilipiga magoti jikoni kuwasha moto, kuni zikakataa kushika, machozi yakanitiririka. Jirani yangu, Mama Shiku, akachungulia mlangoni. Hakuinama kunisaidia.

"Puliza tu, Baba Njeri," akasema. "Si ni wewe ulisema tungoje stima?"