Mpiga Pasi Katika Chumba cha Joto

Dada yangu ana mdomo kwa kila jambo isipokuwa maumivu yake. Bei ya nyanya ikipanda, mtaa mzima utajua. Mkwe wake akichelewa kumsalimia, tutalisikia hilo mpaka tukome. Lakini mwulize anaumwa wapi, atakujibu, "Aa, kidogo tu," na mazungumzo yameishia hapo. Ananiudhi huyu mwanamke, basi tu ni damu yangu.

Amepiga pasi kwa dobi tangu ujana wake. Pale kazini wana sheria yao: atakayeungua akapiga kelele, ndiye atakayewachemshia wote chai, na atataniwa mpaka jioni. Kwa hiyo wamejifunza kuungua kimyakimya. Utamwona mtu anavuta pumzi, anatikisa kidole, anaendelea na kola ya shati. Dada hajawahi kuichemsha chai hiyo hata mara moja, na anajisifia kweli.

Kisha ikaja baridi yabisi. Si maumivu ya uzee haya. Walivyotueleza hospitali, ni kinga ya mwili inayomgeukia mwenyewe na kushambulia viungo vyake. Vifundo vya vidole vikavimba, na asubuhi mikono ikawa migumu kama mbao. Mimi ninayeishi naye ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni kabla hajatoka. Tajiri wake alimwona anainua pasi kwa mikono miwili, akamhamishia kwenye kupanga soksi. "Mpaka upate nafuu," alisema. Dada alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake miguuni. "Soksi," aliniambia. "Mimi!"

Vidonge vilimsaidia, ila si kiasi cha kumrudisha kwenye meza ya pasi. Ndipo kliniki wakamwambia kuna tiba ya joto wanayoifanyia majaribio.

"Mama, nisikudanganye," alisema daktari, binti mdogo tu, mwenye sauti ya upole. "Hatujui bado kama inafaa. Ndiyo maana tunaijaribu. Na dawa zako usiache."

Dada akacheka. "Joto? Mwanangu, mimi na joto ni ndugu!"

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta za mbao, benchi moja, na kidirisha mlangoni ambapo muuguzi alikuwa akichungulia. Dada aliketi humo na shuka, jasho likimtiririka, kisha akatolewa akalazwa chini ya blanketi. Kabla ya kuingia na baada ya kutoka, daktari alimwuliza swali lile lile: maumivu ya mikono ni kidogo, ya wastani, au makali? Mimi nilikuwa nasubiri nje kwenye korido, sikuwahi kusikia majibu.

Nilichokiona ni cha nyumbani. Siku za tiba, dada alikuwa anazungusha ufunguo mlangoni mwenyewe. Jioni alijifungua vifungo bila kuniita. Baada ya siku mbili ugumu ulirudi palepale, lakini jamani, akilini nilianza kumwona tena mezani na pasi yake.

Mara siku moja daktari akatuita wote wawili.

"Mama, nadhani tusiendelee," alisema. "Lile joto linauchosha moyo wako, na sioni faida. Kabla ya tiba unaniambia kidogo. Baada ya tiba, kidogo. Kwako halijabadilisha kitu."

Damu ilinipanda kichwani. "Kidogo? Dada! Leo asubuhi nani kakufunga vifungo?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Hapa si kwa dobi, hakuna wa kukuchemshisha chai! Mwambie mtoto wa watu ukweli, la sivyo utapanga soksi mpaka unaingia kaburini!"

Daktari aliinua mkono. "Mama mdogo, tafadhali. Usimjibie."

Nikafunga mdomo, na haikuwa rahisi. Dada alikuwa anaitazama mikono yake mapajani. "Nikisema ni makali," aliuliza, "mtaniona sifai?"

"Usiposema ndipo nitakutoa."

"Kid..." akaanza, ulimi umeshazoea. Akasita.

"Makali," alisema. "Makali, mwanangu. Kijiko kinaniuma. Shuka likinigusa tu linaniuma. Mjukuu wangu akininyooshea mikono nimbebe, najifanya nina kazi jikoni. Juzi kaacha kuninyooshea."

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. "Na ukitoka chumba cha joto?"

"Nikitoka humo napumua. Yanakuwa ya wastani. Halafu yanarudi."

Daktari alimweleza kwamba majibu yote ya nyuma hayafai tena, kwamba wataanza upya kama vile hakuwahi kufika, na kwamba hata hivyo hamwahidi kitu. Lakini hamtoi. Dada alikubali kwa kichwa, akajifuta uso kwa kiwiko.

Tuliongozana mpaka mlangoni pa kile chumba. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, na maneno ninayo, mnanijua. Lakini lile la mjukuu lilikuwa limeyazima yote. Tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, na sikuwa nalijua.

"Dada," nikamwambia, "mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungelia," alisema, na kweli nilikuwa nalia.